Ngoma inasikika hata kwa kiganja

Huku kwetu Masisi na Walikale mvua ikizidi, ngozi ya ngoma inalegea na sauti inakuwa nzito. Wapigaji wanaisogeza karibu na moto: ngozi inakauka, inakazana, inatetemeka kwa haraka zaidi, na sauti inapanda. Likembe nayo ni vilevile, chuma kifupi kinatetemeka mara nyingi kwa sekunde, kirefu mara chache. Mtetemeko huo unapita hewani mpaka sikioni, karibu mita 340 kila sekunde.

Darasani tulikuwa na mtoto tuliyemhesabu kuwa mkaidi. Ukimwita, kimya. Siku ya kuimba akaweka kiganja juu ya ngoma, akafuata mapigo bila kukosea. Tuliona haya. Shida ilikuwa masikio, nasi tulikuwa tumemwadhibu bure! Mama yake akasema yanatoa usaha tangu alipokuwa mdogo.

Nyumbani, simama nyuma ya mtoto asikuone, mwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, au sikio likitoa usaha, mpeleke kituo cha afya. Usitie mafuta wala maji ya majani. Na utuambie, tumkalishe mbele.