Kupima Spika za Ukutani katika Nyumba za Goma

Spika inayopachikwa ndani ya ukuta mara nyingi haina sanduku lake yenyewe, na kwa sababu hiyo anayepima ubora wake hupima vitu viwili kwa pamoja, yaani chombo kilichonunuliwa na jengo kinamowekwa. Jambo hili lina uzito wa pekee mjini Goma, ambako nyumba nyingi ni za mbao zilizosimamishwa juu ya mawe ya volkano, hasa katika mitaa iliyofunikwa na lava ya Nyiragongo mnamo Januari 2002.

Sikio peke yake halitoshi, kwa kuwa hudanganywa na bei, na sura ya chombo, hata na wimbo unaopendwa. Floyd Toole, alipokuwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada miaka ya 1980, alionyesha kwamba wasikilizaji wasioiona spika huelekea kuichagua ile ambayo mchoro wake wa kipimo umenyooka, yaani ile inayotoa sauti nene na nyembamba kwa nguvu inayokaribiana.

Mchoro huo huweza kupatikana nyumbani kwa kompyuta, maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la usahihisho, na programu ya Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bila malipo. Programu hutuma kwenye spika mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000, kisha hulinganisha kilichotumwa na kilichopokelewa. Kazi hii hufaa kufanywa usiku, jenereta ikiwa imezimwa na mvua haipigi mabati.

Kwanza maikrofoni huwekwa karibu kabisa na kitovu cha spika, pungufu ya sentimita moja, kwa njia iliyoelezwa na Don Keele mwaka 1974. Hapo besi ya spika husikika yenyewe, bila chumba kuiingilia. Baadaye husogezwa hadi mita moja, na programu huamriwa kukata kila kinachofika baada ya sauti ya moja kwa moja. Spika ikiwa mita 1.2 juu ya sakafu, mwangwi wa sakafu huchelewa kwa takriban milisekunde 4.7, kwa hiyo kipimo hiki huaminika kuanzia hezi 210 hivi kwenda juu, na chini ya hapo hutegemewa kile cha karibu.

Ukuta wa mbao ndio unaohitaji subira zaidi. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na sauti ya nyuma, ikipenya kwenye nyufa za mbao, hukutana na ya mbele ikiwa kinyume chake, zikafutana. Ndiyo maana besi huweza kuonekana nzuri kwenye kipimo cha karibu na kutoweka kwenye kiti cha msikilizaji. Ubao nao hutikisika. Maikrofoni ikisogezwa hadi karibu kugusa ubao ulio hatua moja kutoka kwenye spika, na mchoro ukaonyesha kilima ambacho pia kinaonekana kitini, na ambacho kinachelewa kufifia baada ya mlio kukoma, basi sauti hiyo inatoka ukutani. Dawa yake ni sanduku lililozibwa nyuma ya spika na fito za kukaza mbao, na kila badiliko lipimwe upya, maikrofoni ikiwa pale pale.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na wepesi wa hewa yake hupunguza nguvu ya sauti kwa desibeli moja au zaidi kidogo kulinganisha na pwani. Upungufu huo si kosa la spika.

Mwenye nyumba na amdai fundi mchoro wa kipimo kabla ukuta haujapakwa rangi, wakati marekebisho bado ni ya fito na misumari michache.