Mafunzo ya Mlinda Mlango Kijana katika Marekani

Katika nchi ya Marekani mwaka hugawanyika katika majira manne, na michezo ya watoto hufuata majira hayo kama mkulima afuatavyo mvua. Kiangazi chao huanza mwezi wa Juni na kwisha Septemba. Wakati huo shule zimefungwa, mchana ni mrefu, na katika majimbo mengi jua hukawia kuchwa hata saa mbili ya usiku. Kisha huja majira ya kupukutika majani, yaani Septemba, Oktoba na Novemba. Shule zimefunguliwa, baridi yaingia kidogo kidogo, na majani ya miti hugeuka kuwa ya manjano na mekundu kabla ya kuanguka. Mashindano mengi ya mpira wa miguu ya watoto huchezwa katika majira hayo ya pili. Basi kiangazi ni wakati wa kujifunza, na majira ya majani ni wakati wa kuonyesha.

Wachezaji wote hujizoeza wakati wa kiangazi, lakini mlinda mlango ana haja kuliko wengine. Mshambuliaji akikosa mara kumi na kupata mara moja, husifiwa. Mlinda mlango akidaka mara kumi na kukosa mara moja, hiyo moja ndiyo ikumbukwayo. Tena yeye peke yake hushika mpira kwa mikono, na yeye peke yake hujitupa chini kusudi, miguuni pa watu wakimbiao. Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo yataka ushujaa tu, na kwamba mtoto asiyeogopa ndiye afaaye kuwekwa mlangoni. Sivyo. Ushujaa wa mtoto asiyejua kuanguka ni hatari kwake. Lakini mtoto ajuaye kuanguka, hofu humtoka yenyewe.

Watoto wadogo kabisa hawawekewi mlinda mlango. Kwa kanuni za shirikisho la mpira la Marekani, zilizoanza kulazimishwa mwaka 2017, watoto wa miaka 6, 7 na 8 hucheza wanne kwa wanne, wote kwa miguu, kwa kuwa mtoto wa umri huo akisimamishwa langoni hukaa bure akichuma nyasi hata akausahau mchezo. Wakifika miaka 9 na 10 hucheza saba kwa saba, na hapo ndipo mlinda mlango aingiapo. Lango lake ni dogo. Halizidi futi 18 na nusu kwa upana, wala futi 6 na nusu kwa kimo. Lango la watu wazima ni futi 24 kwa 8, yaani meta 7.32 kwa meta 2.44. Mtoto wa miaka 9 akiwekwa humo, kila mpira upigwao juu ni goli, naye hajifunzi neno ila kuokota mpira wavuni. Katika umri huo walimu wema huwabadilisha watoto kwa zamu, ili kila mmoja aionje kazi ya mlangoni, wala asifungiwe humo mtu mmoja kwa sababu tu ni mzito wa mbio.

Fundisho la kwanza la kiangazi ni kusimama. Miguu hupanuliwa kwa kadiri ya upana wa mabega, magoti hukunjwa kidogo, uzito wa mwili huwa mbele ya nyayo, na mikono hukaa mbele ya mwili tayari. Asimamaye kwa visigino amekwisha kuchelewa kabla mpira haujapigwa. Fundisho la pili ni mikono. Mpira ujao kifuani au juu zaidi hudakwa kwa viganja viuelekeavyo, vidole vimetandazwa juu, na vidole gumba viwili vimekaribiana nyuma ya mpira, usipate mwanya wa kupenya. Mpira wa chini hupokewa kinyume chake: vidole huelekea ardhini, vidole vidogo hukaribiana, na mpira huzolewa na kuletwa kifuani kama mtu amkumbatiaye mtoto mchanga. Hayo yaonekana mepesi, lakini hapana budi kuyarudia mara mamia mpaka mikono igeuke yenyewe, maana mpira ukisha kupigwa hapana nafasi ya kufikiri. Wengi hutumia ukuta. Mtoto huurusha mpira ukutani na kuudaka urudipo, peke yake, bila mwalimu wala gharama. Nami nalipenda zoezi hili kuliko yale ya vyombo vingi, ambayo wazazi wa huko huyalipia fedha nyingi.

Sasa twafika kwenye kuanguka, na hapa yafaa tukawie. Mwalimu mwenye ujuzi hamwambii mtoto aruke siku ya kwanza. Humwanzisha akiwa amekaa kitako katika nyasi, miguu imenyoshwa. Mpira hurushwa taratibu kando yake, naye huudaka na kulala ubavu. Akisha zoea, hupiga magoti na kufanya vile vile. Kisha huchutama. Kisha husimama na kuanguka upande mmoja bila kuruka. Mwisho kabisa, pengine baada ya majuma kadhaa, ndipo aruhusiwapo kuruka. Kwa nini mpango huu? Kwa sababu aangukaye kutoka chini haumii, na asiyeumia hujifunza. Lakini aliyeumia siku ya kwanza, mwili wake hukumbuka, na kila mpira ujapo hujikunja na kufumba macho.

Namna yenyewe ni hii. Mtu akianguka kama gogo, au akiangukia kiwiko, uzito wote hushuka mahali padogo, na hapo ndipo pateguka au pavunjika. Mlinda mlango aliyefunzwa hushuka kama gurudumu libingirikavyo. Mguu ulio upande wa mpira hupiga hatua, goti hukunjwa, kisha upande wa mguu hugusa chini, halafu paja, halafu nyonga, halafu ubavu na bega, kimoja baada ya kingine, na uzito hugawanyika njiani. Kifua huelekea uwanjani. Aangukaye kifudifudi hauoni mpira, naye aangukaye chali huliacha tumbo wazi kwa mateke. Mkono mmoja huwa nyuma ya mpira, wa pili juu yake, na ardhi iliyo chini hufanya kazi ya mkono wa tatu. Tena huanguka kwa mshazari kuelekea mbele, wala si nyuma, kwa kuwa mpira uguswao mbele ya mstari waweza kutoka nje, bali uguswao nyuma yake umekwisha kuingia. Mahali pasipo na nyasi nene, kama viwanja vingi vya kwetu, shimo la mchanga la kurukia lafaa sana kwa zoezi hili.

Kichwa chataka neno la peke yake. Briana Scurry alizaliwa katika mji wa Minneapolis mwaka 1971, akawa mlinda mlango wa timu ya wanawake ya Marekani. Tarehe 10 Julai 1999, katika uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena, California, mbele ya watazamaji zaidi ya 90,000, Marekani na China zilicheza mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia. Dakika 120 zikapita bila goli. Katika mikwaju ya penalti Scurry akauzuia mkwaju wa tatu wa China, uliopigwa na Liu Ying, na Marekani ikashinda kwa 5 kwa 4. Wako walionung'unika kwamba alisogea mbele ya mstari kabla mpira haujapigwa, jambo ambalo sheria ilikataza, na kwa kweli alisogea. Lakini refa hakupiga filimbi.

Habari nitakayo kuwaambia ni ya baadaye. Mwezi wa Aprili mwaka 2010, katika mchezo wa klabu yake, Scurry aliinama kuudaka mpira wa chini, na goti la mshambuliaji likampiga kando ya kichwa. Akaendelea kucheza mpaka mapumziko. Baada ya siku hiyo hakucheza mashindano tena. Kichwa kilimwuma miaka mingi, moyo wake ukaingia giza, na fedha zikamwishia hata akaziweka rehani nishani zake za dhahabu za Olimpiki. Nafuu haikuja mpaka alipopasuliwa na waganga mwaka 2013. Jeraha hilo huitwa mtikiso wa ubongo, nalo halionekani kwa nje: hakuna damu, wala mfupa uliovunjika. Kwa hiyo mchezaji mwenyewe hudanganyika, na mwalimu naye hudanganyika. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa yamekwisha kutunga sheria juu ya jambo hili kwa ajili ya vijana. Kwa kawaida sheria hizo huamuru kwamba mtoto adhaniwaye kuwa na jeraha hilo atolewe uwanjani mara, wala asirudi mpaka mtu wa tiba atakapomruhusu, hata kama mwenyewe alia na kusema kwamba ni mzima.

Kwa sababu hiyo mtoto atokaye langoni kumkabili mshambuliaji hufundishwa kutanguliza mikono, si uso; kulala ubavu, mwili wote ukiwa ukuta mrefu; na kuficha kichwa nyuma ya mikono na mpira. Arukapo kudaka mpira wa juu huinua goti moja, lile lililo upande wa adui, ili limlinde. Tena hupaaza sauti, mabeki wake wajue kwamba mpira ni wake na wampishe.

Iko na hesabu katika kazi hii, nayo hufundishwa kwa kamba. Mwalimu hufunga ncha moja ya kamba ndefu katika mlingoti wa kuume na ncha ya pili katika mlingoti wa kushoto, kisha huishika katikati na kwenda kusimama mahali pa mpira. Hapo kamba imefanya pembetatu, na kila mpira utakaoingia hauna budi kupita ndani yake. Tuseme mpira uko mbele ya lango, meta 16.5 kutoka mstari. Mlinda mlango asimamaye mstarini analinda upana wote wa meta 7.32. Akija mbele meta 5.5, kamba zimemkaribia. Sasa analinda meta 4.88 tu. Akifika nusu ya njia, ni meta 3.66, na akinyosha mikono yakaribia kutosha. Mtoto akisha kuziona kamba kwa macho yake hasahau. Mbona basi asitoke mbele daima? Kwa kuwa mpira waweza kupigwa kwa kuinuliwa ukapita juu ya kichwa chake. Kujua wakati wa kutoka na wakati wa kungoja ndiko kugumu kuliko yote, na hakuna kamba ifundishayo hilo.

Wakati wa joto kali mazoezi hufanywa asubuhi au jioni, na maji hunywewa kabla kiu haijaja. Jambo jingine la kiangazi ni magoli ya chuma yahamishwayo. Watoto hupenda kuning'inia katika mwamba, goli likapinduka, na katika nchi ile wako waliokufa kwa namna hiyo. Goli la kuhamishwa hupigiliwa vigingi au huwekewa vitu vizito nyuma kabla mtoto yeyote hajalikaribia.

Septemba ikifika, mambo hubadilika. Mazoezi hupungua, kwa kuwa mtoto yuko darasani, na michezo huwa siku za Jumamosi na Jumapili. Jua hushuka chini na kumpiga mlinda mlango machoni. Ndiyo sababu sheria humruhusu kuvaa kofia. Nyasi huloa, na mpira ulioloa huteleza. Hapo kudaka kwa mikono mitupu hakutoshi. Mwili huwekwa nyuma ya mikono, na mpira usiodakika hupanguliwa pembeni, kamwe si mbele ya lango, ambako adui angojea. Glavu zenyewe hushika vizuri zaidi zikiloweshwa maji kidogo kabla ya mchezo. Baridi nayo ni adui. Mlinda mlango aweza kukaa dakika 20 bila kuguswa na mpira, kisha akaitwa ghafula. Basi hutembea, huruka-ruka, na huufuata mchezo kwa miguu yake kana kwamba mpira uko karibu.

Akisha kuudaka, kazi haijaisha. Watoto wa miaka 9 na 10 hawaruhusiwi kuupiga mpira teke la mbali kutoka mikononi. Sharti waurushe au wauviringishe kwa mwenzao, ili wote wajifunze kujenga mchezo tangu nyuma. Kwa wakubwa, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 yasema kwamba mlinda mlango akiushika mpira zaidi ya nukta 8, adui hupewa kona.

Tena kuna goli lenyewe, ambalo litaingia tu, hata angekuwa stadi namna gani. Mpira ufikao kwake umekwisha kuwapita wenzake wote, lakini macho ya watu hayawatazami wao. Huko wazazi husimama kando ya uwanja, na wengine hupiga kelele zisizofaa. Walimu wengi humpa mtoto tendo dogo la kufanya kila goli liingiapo, kama kunywa maji au kukaza glavu zake, kisha humwachia arudi mahali pake. Makosa husemwa siku ya mazoezi, si pale, wala si mbele ya watu.

Mwisho wa Novemba, katika majimbo ya kaskazini, ardhi huganda ikawa ngumu kama jiwe, na michezo ya nje hukoma. Wengi huhamia katika majumba ya michezo, ambamo sakafu ni ya mbao. Humo mlinda mlango huvaa vitambaa vinene vya kukinga magoti na viwiko, na kuanguka hufundishwa upya, tangu kule kukaa kitako.