Ukienda Unguja, Fika na Mkunazini

Vikundi vya parokia na vya akina mama vikiweka akiba ya safari, Unguja haikosi kutajwa. Wengi wakirudi husimulia bahari na karafuu. Safari hii tungependa kueleza habari za zile sehemu za biashara ya watumwa ambazo viongozi wa watalii huwapitishia wageni, maana huko mtu huambiwa mengi kwa haraka, na si yote yana uzito sawa.

Mahali pa kuanzia ni Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Hapa palikuwa na soko la watumwa mpaka Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza wa kufunga masoko hayo. Walioletwa wengi walitekwa pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani, kisha wakapakiwa majahazini kule Kilwa. Si wote waliopelekwa Arabuni. Wengi waliishia katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na wengine huku kwetu Malindi kulima nafaka.

Kwenye kiwanja cha soko, wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa kuu. Ibada ya kwanza ilifanywa Krismasi ya 1877. Mtaonyeshwa mahali penye altare, mkiambiwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, amezikwa nyuma ya altare hiyo. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Msikimbilie kupiga picha hapo. Kaeni kimya kidogo.

Kisha mtateremshwa kwenye vyumba vya chini, vyenye dari fupi hata mtu mzima hawezi kusimama wima, mkiambiwa watumwa walifungiwa humo. Jueni kwamba jengo lililo juu yake lilikuwa hospitali ya misheni, iliyojengwa baada ya soko kufungwa, na wanahistoria kadhaa wana shaka na habari hiyo. Sisi hatuoni kama shaka hiyo inapunguza kitu. Soko lenyewe lilikuwapo, halina ubishi.

Mwenye nafasi aende pia Mangapwani, kama kilomita 20 kaskazini mwa mji. Kuna chumba kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe karibu na bahari, na watumwa walifichwa humo wakati biashara ilipokwisha kukatazwa. Kumbe mkataba ulifunga soko tu, magendo yakaendelea! Kisiwa cha Changuu nacho huitwa cha gereza, lakini lile gereza lililojengwa miaka ya 1890 halikufunga wafungwa, liligeuzwa karantini. Siku hizi watu huenda kuona makobe.

Jambo moja litawasumbua vijana. Viongozi wengine husema "Waarabu" basi, wakaishia hapo. Ukweli ni mpana zaidi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha fedha, Waswahili na Waarabu waliongoza misafara, machifu wa bara waliuza mateka wao, na Wafaransa walinunua watu wa kulima miwa visiwani kwao. Kijana akitoka Mkunazini na kinyongo juu ya jirani yake Mwislamu, basi amefunzwa nusu ya habari. Mzee wa kikundi na aliseme hili kabla ya kupanda boti, si baadaye.

Ulizeni pia kuhusu miaka baada ya 1873. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na fidia wakalipwa mabwana, si watumwa. Masuria hawakuhesabiwa katika sheria hiyo. Wao walingoja mpaka 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907.

Wasio na nauli ya kuvuka bahari wasivunjike moyo. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza mwaka 1872 kumshawishi Sultani akubali mkataba ule, ndiye ambaye Frere Town ya Mombasa imepewa jina lake. Ilianzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliokombolewa. Kengele yao ya kuonya hatari ndiyo iliyopaipa Kengeleni jina, na matatu za Kisauni hupita hapo kila siku.