Nguvu Zimekwenda Wapi?

Baada ya sala ya alasiri, sisi watu wazima wa Mji wa Kale tuna desturi ya kukaa barazani, upande wa Ndia Kuu, tukingoja kahawa tungu. Hapo huzungumzwa siasa, bei ya samaki na nani amefariki. Siku moja sahibu yangu, mtu wa miaka hamsini na minane, alinisogelea akaninong'oneza: "Yakhe, mimi si mgonjwa. Mimi homoni zimenishia."

Akanifungulia simu yake nisome tangazo. Lilikuwa maswali matupu. Wachoka mapema? Kitambi chakua? Usingizi hauji? Wakasirika ovyo? Wasahau majina? Hamu ya unyumba imepungua? Ukijibu ndiyo mara tatu, basi testosteroni yako imeshuka. Njoo ununue sindano.

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwenyewe ningejibu ndiyo mara sita. Nawe ndugu msomaji, ikiwa umepita hamsini, jihesabie kimoyomoyo.

Testosteroni ni homoni ya kiume, na nyingi yake hutengenezwa katika korodani. Ndiyo iletayo ndevu na sauti nzito, ikashika misuli, mifupa na hamu. Kuanzia miaka ya thelathini au arubaini hupungua polepole, kama sehemu moja katika mia kila mwaka. Hilo ni kweli. Swali ni hili: je, ndiyo sababu ya machofu yetu yote?

Kiu ya kurudisha ujana si ya leo. Mwaka 1889 tabibu Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi, kisiwa cha bahari hii hii yetu, aliwatangazia wataalamu wenziwe mjini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa katika korodani za wanyama. Alikuwa na miaka 72, na akadai nguvu zimemrudia. Watu wakakimbilia dawa hiyo. Baadaye ikafahamika kwamba maji yale hayakuweza kuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Kilichompa nguvu mzee yule ni matumaini. Testosteroni yenyewe ilitambuliwa na kuundwa mwaka 1935.

Wataalamu wa Ulaya waliwachunguza wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79, wakatoa matokeo mwaka 2010. Dalili zilizoshikana barabara na upungufu wa homoni zilikuwa za unyumba: hamu kupungua, na uume kutosimama, hata ule wa alfajiri. Uchovu na huzuni havikushikana nao namna hiyo. Na waliokuwa na dalili hizo pamoja na homoni haba katika damu walikuwa kama wawili tu katika kila mia. Basi ugonjwa huu upo, na mwenye nao ana haki ya kutibiwa. Lakini si wa baraza nzima.

Sasa nieleze yangu, maana si vizuri kumvua mwenzio kanzu nawe umejifunika. Mwaka juzi nilikuwa nikirudi nyumbani saa mbili za usiku, nimechoka kama mchukuzi wa bandarini. Usiku naamka mara nne kwenda haja ndogo. Mke wangu hakusema neno, nami sikusema. Tukawa twalala migongo. Nilikunywa supu ya pweza, nikatafuna mukombero, nikanunua vidonge katika duka moja la dawa bila kupimwa chochote. Fedha ilikwenda, nguvu hazikuja.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari. Akanitaka nije asubuhi, kabla ya saa nne, bila kula, kwa kuwa homoni hii huwa juu asubuhi na hushuka mchana. Kipimo kimoja hakitoshi. Sharti kirudiwe siku nyingine. Homoni yangu ilikuwa chini kidogo. Nikafurahi kupata jina la ugonjwa! Daktari akaniambia: "Mzee, huo ni moshi. Moto uko hapa." Akanionyesha kipimo cha sukari.

Nilikuwa na kisukari, wala sikuwa na habari. Akanifahamisha kwamba mafuta ya tumboni na sukari nyingi hushusha homoni, na kwamba sukari na presha huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Mishipa ya unyumba ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huweza kuziba mwanzo. Anayeshindwa na kitanda leo huenda aonywa juu ya moyo wake wa kesho. Utafiti wa nchi yetu wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha, na wengi katika sisi hawajapimwa sukari hata mara moja. Ukiongeza kukoroma kwa kukatika pumzi, huzuni, na baadhi ya dawa, utaona milango ni mingi.

Na tiba ya homoni? Mwaka 2016 ulitolewa utafiti wa Marekani juu ya wazee 790 wenye homoni haba kweli: hamu iliongezeka kiasi, lakini uchovu haukuondoka kama walivyotaraji. Mwingine wa 2023, wa watu zaidi ya elfu tano, haukuona mishtuko ya moyo ikizidi, ila mapigo ya moyo kwenda mrama na damu kuganda mapafuni vilizidi kidogo. Tena tiba hii huzuia mbegu za uzazi; anayetaka mtoto ajihadhari.

Mimi nilipunguza haluwa na viazi karai, nikameza dawa za sukari, na kila alfajiri baada ya sala natembea kutoka Ngomeni hadi Mama Ngina. Kitambi kilipoteremka, homoni ilipanda yenyewe. Ujana haukurudi, wala sikuuomba. Nilirudi mimi.

Chuoni maalimu wetu alitusomesha mlango wa tohara na janaba bila kigugumizi, nasi watoto. Iweje leo, wazee wenye mvi, tuone haya mbele ya daktari lakini tusione haya mbele ya mwuza dawa? Tulifunzwa kwamba kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Basi kazi yetu ni kupambanua kipi uzee na kipi ugonjwa, na hilo halipambanuliwi na tangazo.

Haya yote nilimwambia sahibu yangu. Alinyamaza, kahawa ikampoa mkononi. Alhamisi, kabla jua halijachomoza, nilisikia hodi mlangoni. "Sijala kitu," akasema. "Twende."