Gari la kifahari kuvuta tela: Nguvu ya injini si jibu

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka mipaka ya Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo wana gari moja tu. Mara nyingi ni gari la saluni lililoagizwa likiwa limetumika: Toyota Crown, Mark X au Mercedes-Benz E-Class. Linabeba familia Jumapili, na katikati ya wiki linabeba mzigo kwenye buti na viti vya nyuma. Biashara inapokua, wazo la tela huja lenyewe. Fundi wa kuchomelea yupo jirani, na injini ya gari ina nguvu. Kwa nini gari lisivute?

Swali hilo lina jibu, ila halipatikani kwenye injini. Gari lenye silinda sita linaweza kung'oa tela la tani moja na nusu bila kuguna. Kazi ngumu ni kulisimamisha, kulishikilia lisiyumbe na kulipandisha mlima bila kuunguza giaboksi. Hapo ndipo magari mawili ya kifahari yanayolingana bei yanaweza kutofautiana kabisa.

Kusoma kibati

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya huwa na kibati cha mtengenezaji, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango. Kibati hicho kina mistari ya uzito. Wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa limejaa. Wa pili ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Miwili inayofuata ni uzito unaoruhusiwa kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukitoa mstari wa kwanza kwenye wa pili, unapata picha ya tela ambalo gari hilo linaweza kuvuta likiwa limejaa. Mstari wa pili ukiwa mtupu au una sifuri, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta kitu.

Ujerumani, kuona Mercedes-Benz ya saluni ikivuta tela ni jambo la kawaida. E-Class nyingi za toleo la W211, lililotengenezwa kuanzia 2002, ziliruhusiwa kuvuta karibu kilo 1,900. Lakini kiwango hicho ni cha tela lenye breki zake. Kwa tela lisilo na breki, kiwango hushuka hadi kilo 750. Tena, sheria ya nchi hiyo humzuia dereva anayevuta tela kuzidi kilomita 80 kwa saa, isipokuwa akiwa na kibali maalumu cha kwenda 100 kwenye barabara kuu.

Crown iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni habari nyingine. Kibati chake hakitaji uzito wa kuvuta. Karatasi zake za Japani zinaonyesha uzito wa gari tupu na uzito wake likiwa limejaa, na tofauti ya namba hizo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Japani huhesabu kilo 55 kwa kila abiria, hivyo gari la watu watano huandikiwa kilo 275 tu juu ya uzito wake. Watu wazima watatu na mizigo yao ya mkononi wanaweza kuzimaliza kabla tela halijafungwa.

Hesabu ya magunia

Matela mengi madogo yanayochomelewa mitaani hayana breki. Kwa hiyo kilo 750 ndicho kikomo cha busara hata kwa gari lililoidhinishwa, na ndani ya kilo hizo umo uzito wa tela lenyewe. Tela la chuma lenye kilo 250 linabakiza kilo 500 za mzigo. Hayo ni magunia matano ya kilo 100, au mifuko kumi ya saruji. Anayepanga kubeba magunia kumi na tano ya vitunguu anahitaji pikapu au lori dogo.

Mzigo mwepesi wenye kujaza nafasi ndio unaolifaa gari la saluni: magodoro, vikapu, nguo, vyombo vya plastiki. Kwa mfanyabiashara mdogo, hesabu hiyo inaweza kuendana na utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambapo bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hutumia cheti cha asili kilichorahisishwa.

Mkia unaponing'inia

Springi za gari la kifahari zimetengenezwa kwa ajili ya kumstarehesha abiria, hivyo ni laini. Tela likiegemea ndoano ya nyuma kupita kiasi, mkia hushuka na pua huinuka. Magurudumu ya mbele hupoteza uzito, usukani huwa mwepesi, breki za mbele hushika vibaya na taa humulika machoni mwa wanaokuja. Magari yenye springi za upepo hujiinua yenyewe na kuonekana sawa, lakini mifuko na pampu yake ndivyo vinavyobeba adhabu, na bei yake si ndogo.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli ya tela, pua ya tela huinua mkia wa gari, na kwenye mwendo tela huanza kucheza kushoto na kulia mpaka linaligeuza gari. Kiasi kinachofaa kuegemea ndoano ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa tela lililojaa. Kwa kilo 750 hizo, ni kati ya kilo 40 na 75. Hupimwa kwa mzani wa kawaida: pua ya tela huwekwa juu ya gogo lililosimama kwenye mzani, kwenye kimo kile kile cha ndoano. Vitu vizito hupangwa chini, juu ya ekseli.

Ndoano yenyewe isishikizwe kwenye bampa wala kwenye bati la sakafu ya buti. Gari la saluni halina chesisi ya kujitegemea kama pikapu, hivyo ndoano lazima ifungwe kwa bolti kwenye mihimili ya bodi.

Milima na joto

Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kigali iko kwenye mita zipatazo 1,500, na milima ya Kabale kuelekea Katuna iko juu zaidi. Hapo giaboksi ya otomatiki huanza kubadilisha gia huku na huku, mafuta yake huchemka na kuungua. Dereva anashauriwa kuzuia gia ya juu kabisa anapopanda, na kushuka kwa gia ya chini ili injini isaidie breki. Kukanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu huzichemsha hadi zikaacha kushika. Mafuta ya giaboksi yaliyobadilika rangi na kunuka kuungua ni onyo la kusimamisha safari hizo.

Mpakani kuna jambo jingine. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Gari lenye usukani wa kulia likiingia Rwanda, dereva huona kwa shida anapotaka kupita lori, na akiwa na tela anahitaji nafasi ndefu zaidi. Kama tela ni pana kuliko gari, vioo vya kurefusha ni vya lazima. Taa za tela nazo zifanye kazi zote.

Karatasi za tela

Tela ni chombo kinachosajiliwa chenyewe. Kenya, namba zake huanza na herufi Z. Wakala wa bima aelezwe mapema kwamba gari litavuta tela la biashara, na tela liingizwe kwenye bima pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa pia Tanzania ingawa si mwanachama wa COMESA. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haigusi mzigo wa biashara, na mwenye gari anaweza kugundua hivyo siku ya ajali.

Kwa hiyo gari la kifahari linaweza kuvuta tela, kama kibati kinaruhusu, kama mzigo ni mwepesi na kama mwenye gari yuko tayari kwenda polepole. Ambaye kibati chake hakisemi kitu afanye hesabu nyingine: bei ya giaboksi moja igawanywe kwa nauli ya pikapu ya kukodi, aone ni safari ngapi zinapatikana humo. Kwa mwenye gari moja, gari hilo ndilo mtaji, na likilala gereji biashara nayo inalala.