Mkoromo wa aliyetoka kupasuliwa si usingizi

Yapo makosa ambayo mtu huyatenda kwa mapenzi, na hayo ndiyo humwandama zaidi. Mimi niliyatenda mawili kwa siku moja, mwaka wa 2016, nilipompeleka mjomba wangu kupasuliwa ngiri katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja jina.

La kwanza lilikuwa la kunyamaza. Upasuaji huo ulikuwa umeahirishwa mara mbili, na mzee alichoka kushinda na njaa. Alfajiri ya siku ya tatu alikunywa kikombe cha chai ya maziwa kwa siri, nami nikimwona. Mtoa nusukaputi alipouliza iwapo mgonjwa ametia kitu chochote kinywani, mjomba alikana, nami nikainamisha kichwa. Nilidhani namsaidia. Sikujua kwamba mtu aliyelazwa kwa dawa hupoteza hata ile kinga ya kukohoa, na kilichomo tumboni kikipanda kooni huweza kushukia mapafuni pasi na kizuizi. Ndiyo sababu mgonjwa huagizwa akae saa 6 bila chakula wala maziwa, ingawa maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla ya kupasuliwa. Mungu alituepusha na hilo.

La pili ndilo lililonishikisha kalamu. Alasiri mjomba alirejeshwa wodini kwa machela, akalazwa chali, na aliyemleta akaondoka upesi kwa kuwa mwingine alikuwa akingojewa. Punde mzee akaanza kukoroma, mkoromo mzito uliokatika na kuanza upya. Nilifurahi. Niliwaambia jamaa waliokuwa nje kwamba amepata usingizi mnono, nikaanza kutafuta kofia yangu niende zangu. Muuguzi mmoja wa makamo aliyekuwa akipita na sinia ya dawa alisimama ghafla, akaitua sinia sakafuni, akakimbilia kitandani. Alitia vidole nyuma ya pembe za taya la mjomba, akalisukuma mbele, kisha akamgeuza alale ubavu. "Kaka, huyu halali," aliniambia bila kunitazama. "Huyu anakabwa." Ndipo nilipoitazama midomo ya mjomba, nikaona ilivyogeuka rangi ya zambarau.

Sisi wananchi tumezoea kuamini kwamba hatari ya upasuaji humalizika uzi wa mwisho unapofungwa. Nusukaputi si usingizi kama ule wa usiku. Mgonjwa hufumbua macho, hata akaitikia jina lake, ilhali dawa bado imo mwilini. Misuli ya koo ikiwa imelegea, ulimi hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa, na mkoromo ni sauti ya hewa inayopenya kwa taabu. Dawa za maumivu za jamii ya mofini nazo hupunguza ule msukumo wa kuvuta pumzi, hivi kwamba mtu hupumua mara chache mno bila yeye mwenyewe kujua. Na iwapo alipewa dawa ya kulegeza misuli, masalia yake huacha kifua bila nguvu. Ubongo hauwezi kukaa dakika nyingi bila oksijeni. Baada ya chache tu huanza kudhurika.

Mwaka wa 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Ilibainika kwamba mgonjwa anayepasuliwa barani humu yumo katika hatari ya kufa maradufu ya wastani wa ulimwengu, ijapokuwa wagonjwa wetu huwa vijana zaidi. Na wengi mno kati ya waliokufa hawakufia mezani mwa daktari. Walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita, huko huko wodini.

Yule muuguzi alikuwa peke yake akihudumia wodi nzima, na sikuona kifaa chochote kidoleni mwa mjomba. Mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani alibuni katika miaka ya 1970 njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga unaopita katika mwili, na leo oksimita huwa kidude kidogo kinachobanwa kidoleni. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka wa 2008, hutaka kifaa hicho kiwe kinafanya kazi kabla ya mgonjwa kulazwa kwa dawa. Hata hivyo nacho kina kasoro inayotuhusu sisi hasa: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020 ulionyesha kuwa kwa watu weusi huweza kutoa tarakimu nzuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo macho ya muuguzi hayana badala.

Hospitali zetu nyingi zimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka wa 2013, na magavana hupenda sana kukata utepe mlangoni mwa chumba kipya cha upasuaji. Sijawahi kusikia gavana akizindua chumba cha kuzindukia wagonjwa. Naam, hakina fahari: vitanda vichache, oksijeni, oksimita na muuguzi asiyepewa kazi nyingine hadi mgonjwa aweze kuinua kichwa, kukohoa na kujibu anapoulizwa. Lakini heri wodi ipokee wagonjwa wachache wanaopumua.

Mjomba alipona. Kwa siku kadhaa alilazimishwa kuketi, kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku akiukumbatia mto juu ya kidonda, ili makohozi yasitande mapafuni, naye akanung'unika kila mara. Siku ya kutoka, muuguzi yule yule alimuuliza mkazamjomba kama mumewe hukoroma akiwa nyumbani. Mama wa watu alicheka. Alisema hukoroma tangu walipooana, na usiku mwingine pumzi hukatika hadi amsukume kwa kiwiko. Muuguzi hakucheka. Alisema mtu wa namna hiyo huwa katika hatari zaidi akipewa nusukaputi, kisha akatafuta faili ya mzee ili ayaandike maneno hayo kwa wino mwekundu.