Figo zinapochoka, damu hupoteza walinzi wake

WENGI wetu tunaposikia kuwa mtu ana ugonjwa wa figo, hufikiria juu ya mkojo na uchafu unaobaki mwilini. Hatukosei. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa waliofikia hatua za mwisho, maradhi ya moyo na mishipa ya damu ni moja ya visababishi vikuu vya vifo. Kwa nini figo zife, kisha moyo nao uanguke? Sehemu ya jibu imo ndani ya damu yenyewe.

Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kasi hiyo ya uchujaji inaposhuka chini ya mililita 15 kwa dakika, mgonjwa huhesabiwa kuwa amefikia hatua ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho.

Oksijeni tunayovuta hutupatia nguvu, lakini katika kazi hiyo huzaliwa pia chembechembe kali zinazoshambulia protini, mafuta na vinasaba. Ni tabia ile ile ya oksijeni inayokifanya chuma kishike kutu. Chembechembe hizo zinapouzidi uwezo wa mwili wa kuzizima, hali hiyo huitwa msongo wa uoksidishaji.

Miongoni mwa walinzi wanaozizima ni thioli, yaani kundi dogo la kikemia ambamo salfa imeungana na haidrojeni. Thioli hujitoa mhanga: hupoteza haidrojeni yake, kisha mbili huungana na kuwa disulfidi. Mwili wenye afya huzitenganisha tena na kuzirejesha kazini. Uwiano kati ya thioli zilizo tayari na disulfidi zilizokwisha kutumika huonyesha ni kwa kiasi gani mwili umezidiwa.

Ndani ya seli, mlinzi mkuu ni glutathioni. Katika majimaji ya damu, kazi hiyo hufanywa zaidi na albumini, protini inayotengenezwa na ini. Albumini ina sisteini 35, lakini 34 kati ya hizo zimekwisha kufungana mbili mbili. Iliyo huru ni moja tu, na kwa mtu mwenye afya, karibu robo tatu ya albumini yake huwa na thioli hiyo ikiwa tayari kwa kazi.

Mwaka 2014, watafiti wa Uturuki, Özcan Erel na Salim Neselioglu, walitangaza njia ya kupima uwiano huo kwa mashine ya maabara. Hupimwa kwanza thioli zilizo tayari, kisha thioli zote baada ya disulfidi kufunguliwa. Tofauti yake ikigawanywa kwa mbili, hupatikana kiasi cha disulfidi.

Kwa wagonjwa wa figo za hatua za juu, mizani hiyo huelemea upande mbaya. Sumu zilizoshindwa kutoka huchochea uvimbe wa ndani, albumini hupungua kwa lishe duni au kwa kupotelea katika mkojo, na iliyobaki huwa imechakaa. Kusafishwa damu kwa mashine hupunguza sumu na kuzirejesha baadhi ya thioli, lakini damu kugusana na chujio la mashine nako kunaweza kuamsha chembechembe kali. Kuta za mishipa ndizo zinazoumia, na moyo hufuata.

Hapa ndipo mgonjwa anapokuwa rahisi kushawishika. Anapoambiwa kuwa kuna vidonge au juisi ya "kuondoa sumu", huona kuwa tiba imepatikana. Tahadhari inahitajika.

Dawa iitwayo bardoxolone, inayoamsha kinga ya mwili yenyewe dhidi ya uoksidishaji, ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,185 wenye kisukari na ugonjwa wa figo wa hatua ya nne. Vipimo vyao vya uchujaji vilipanda, ikaonekana kama ushindi. Mwezi Oktoba 2012 jaribio hilo lilisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa walipata kushindwa kwa moyo zaidi ya wenzao. Kurekebisha tarakimu ya maabara si sawa na kumwokoa mgonjwa.

Hatari ya nyumbani ni kubwa zaidi. Madafu, ndizi, parachichi na juisi ya machungwa vina potasiamu nyingi. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, na ikizidi, moyo unaweza kusimama ghafla. Vitamini C kwa wingi nayo huacha oksaleti inayojikusanya mwilini. Chakula kinachomfaa mzima kinaweza kumdhuru mgonjwa, hivyo asiongeze chochote bila kumwuliza daktari wake.

Yaliyothibitika ni ya kawaida: kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kuacha sigara, na kutokunywa kiholela dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apime kreatinini katika damu na albumini katika mkojo walau mara moja kwa mwaka, kwani ugonjwa huu hukua kimya kimya.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa figo, ukuta huo ni wa gharama kubwa mno.